Kampeni ya kufunga gereza la Guantanamo

Kampeni ya kufunga gereza la Guantanamo ni juhudi za mawakili, mashirika ya haki za binadamu, wanaharakati, wafungwa wa zamani na baadhi ya maafisa wa jeshi la Marekani wanaotaka lifungwe gereza la kijeshi lililopo katika kituo cha jeshi la wanamaji la Marekani kwenye Ghuba ya Guantanamo, kusini-mashariki mwa Kuba. Gereza hilo lilipokea wafungwa wake wa kwanza tarehe 11 Januari 2002, na kampeni dhidi yake ilianza mwezi uliofuata.

Wanaume na wavulana wapatao 780 wamewahi kushikiliwa humo. Wengi wao hawakufunguliwa mashtaka yoyote. Mnamo Januari 2025 walikuwa wamebaki 15. Ukihesabu watu walioondoka, kampeni imefanikiwa kwa sehemu kubwa. Lakini gereza lenyewe bado liko wazi, ingawa Rais Barack Obama alitia saini amri ya kulifunga na Rais Joe Biden alitangaza nia hiyohiyo. Kulipunguza gereza kuliwezekana kwa mahakama, mazungumzo na serikali za nje, na shinikizo la umma. Kulifunga kulihitaji Bunge la Marekani, na huko ndiko kampeni iliposhindwa.

Kwa nini Guantanamo

Marekani iliingia Guantanamo mwaka 1898 wakati wa vita vyake na Hispania. Mwaka 1903 Kuba iliikodishia eneo hilo lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 117, na mkataba wa mwaka 1934 uliongeza kwamba ukodishaji hautakwisha mpaka nchi zote mbili zikubaliane au Marekani iondoke yenyewe. Tangu mapinduzi ya 1959 serikali ya Kuba imekuwa ikiuhesabu mkataba huo kuwa batili, na hundi ya kodi ya dola 4,085 kwa mwaka haiipeleki benki. Kifungu muhimu kwa historia ya gereza ni kile kinachosema kwamba Kuba inabaki na mamlaka ya mwisho juu ya ardhi hiyo, huku Marekani ikiwa na udhibiti kamili kwa muda wote inapoikalia.

Kifungu hicho kiliwavutia wanasheria wa Rais George W. Bush baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Vita vilikuwa vimeanza Afghanistan na watu walikuwa wakikamatwa kwa mamia. Serikali ilitafuta mahali pa kuwaweka palipo chini ya jeshi lake, karibu na nyumbani, lakini nje ya mikono ya majaji. Hoja yao ilikuwa hivi: kwa kuwa ardhi ni ya Kuba, mgeni anayeshikiliwa hapo hawezi kufungua kesi katika mahakama za Marekani. Tena mahali penyewe palikuwa pamekwisha kujaribiwa, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wakimbizi wa Haiti waliwekwa hapo wasifike Florida.

Tarehe 7 Februari 2002 Bush aliamua kwamba wapiganaji wa al-Qaida hawalindwi na Mikataba ya Geneva, na kwamba wale wa Taliban hawatapewa hadhi ya mateka wa vita. Waliitwa "wapiganaji adui". Hata Kiswahili hakina neno linalowafaa kikamilifu. Mahabusu ni mtu anayesubiri kesi, mfungwa ni mtu aliyehukumiwa, na mateka wa vita hurudishwa kwao vita vikiisha. Watu wa Guantanamo hawakuwa yoyote kati ya hao watatu. Makala hii inatumia neno "wafungwa" kwa sababu ndilo lililozoeleka katika vyombo vya habari.

Namna walivyokamatwa iliwapa wanakampeni hoja yao ya mapema. Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld aliwaeleza kuwa ni wabaya kupindukia, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Seton Hall walipochambua mwaka 2006 nyaraka za serikali yenyewe, waliona kwamba asilimia 5 tu walikuwa wamekamatwa na majeshi ya Marekani. Asilimia 86 walikuwa wamekamatwa na Pakistan au na wapiganaji wa Muungano wa Kaskazini wa Afghanistan na kukabidhiwa kwa Wamarekani, katika kipindi ambacho ndege zilikuwa zikiangusha vipeperushi vyenye ahadi ya fedha nyingi kwa atakayemtoa gaidi. Waliokuwa wapiganaji kweli walichanganywa na waliouzwa na jirani zao.

Mapambano ya mahakamani

Shirika la kwanza kuchukua hatua lilikuwa Center for Constitutional Rights la New York, likiongozwa na wakili Michael Ratner. Februari 2002 lilifungua kesi kwa niaba ya wafungwa wachache, akiwemo Mwingereza Shafiq Rasul. Vumbi la majengo yaliyoanguka New York lilikuwa bado akilini mwa watu, na kuwatetea watuhumiwa wa al-Qaida hakukuwa kazi ya kumpatia wakili marafiki.

Madai yao hayakuwa kwamba wafungwa hawana hatia. Waliomba kitu kidogo zaidi, yaani haki ya kale inayojulikana kwa jina la Kilatini la habeas corpus: aliyekamatwa anaweza kumtaka anayemshikilia aeleze mbele ya jaji anamshikilia kwa sheria gani. Tarehe 28 Juni 2004, katika kesi ya Rasul dhidi ya Bush, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba mahakama za Marekani zinaweza kusikiliza maombi hayo kutoka Guantanamo. Rasul mwenyewe alikuwa amekwisha kuachiwa na kurudi Uingereza miezi mitatu kabla.

Hukumu hiyo ilifungua mlango wa gereza kwa mawakili. Mamia ya mawakili walijitolea bila malipo, wengi wao kutoka kampuni kubwa za sheria ambazo kwa kawaida hutetea mabenki. Mwaka 2007 afisa mmoja mwandamizi wa Wizara ya Ulinzi alipendekeza redioni kwamba wateja wazisuse kampuni hizo. Kelele zilizofuata zilimlazimu kuomba radhi na kujiuzulu.

Bunge lilijibu hukumu ya Rasul kwa sheria ya mwaka 2005 iliyojaribu kuwafungia wafungwa njia ya mahakamani. Mahakama Kuu nayo ikajibu. Tarehe 29 Juni 2006, katika kesi ya Hamdan dhidi ya Rumsfeld iliyoendeshwa na wakili wa jeshi la wanamaji Charles Swift pamoja na wenzake wa kiraia, ilisema mahakama maalumu za kijeshi zilizoanzishwa na Bush hazikuwa halali, na kwamba kiwango cha chini cha ulinzi wa Mikataba ya Geneva kinawahusu wafungwa hao pia. Bunge likapitisha sheria nyingine mwaka huohuo. Tarehe 12 Juni 2008, katika kesi ya Boumediene dhidi ya Bush, Mahakama ilikata shauri kwa kura 5 dhidi ya 4: haki ya habeas corpus Guantanamo inatokana na Katiba yenyewe, na Bunge haliwezi kuiondoa kwa sheria ya kawaida.

Kwenye karatasi ulikuwa ushindi kamili. Mipaka yake ilionekana mapema kwa Waislamu 17 wa jamii ya Uighur kutoka China. Serikali ilikuwa imekubali kwamba hawakuwa wapiganaji adui, na Oktoba 2008 jaji mmoja wa Washington aliamuru waachiwe ndani ya Marekani kwa kuwa China ingewatesa. Mahakama ya rufaa ilitengua amri hiyo: jaji anaweza kusema mtu anashikiliwa kinyume cha sheria, lakini hana uwezo wa kumwingiza nchini. Ikabidi serikali itafute nchi moja baada ya nyingine. Wanne walikwenda Bermuda, sita Palau, na watatu wa mwisho hawakuondoka mpaka Desemba 2013, walipopokelewa na Slovakia.

Majina na simulizi

Kwa miaka minne ya mwanzo serikali haikutangaza hata majina ya wafungwa. Ndugu walijua kwa barua za Msalaba Mwekundu au hawakujua kabisa. Mapema mwaka 2005 Matthew Diaz, mwanasheria wa jeshi la wanamaji aliyekuwa akifanya kazi Guantanamo, alichapisha orodha ya majina, akaiweka ndani ya kadi ya Siku ya Wapendanao na kuituma kwa posta kwa wakili wa Center for Constitutional Rights bila kuandika jina lake. Alikamatwa, na mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha miezi sita. Majina hayo yalikuwa yamekwisha kutolewa hadharani mwaka 2006, baada ya shirika la habari la Associated Press kushinda kesi ya kudai taarifa.

Majina yalibadilisha kampeni, kwani ni vigumu kuandamana kwa ajili ya namba. Shirika la Reprieve la Uingereza, lililoanzishwa na wakili Clive Stafford Smith, lilijenga kazi yake juu ya habari za mtu mmojammoja. Cageprisoners, shirika lililoanzishwa London mwaka 2003, lilimpata msemaji katika Moazzam Begg, Mwingereza aliyeachiwa Januari 2005. Waandishi wa habari walimpigania mwenzao Sami al-Haj, mpiga picha Msudani wa televisheni ya Al Jazeera, ambaye ndiye mwanahabari aliyejulikana zaidi kushikiliwa humo. Aliachiwa Mei 2008 baada ya kususia chakula kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Sauti iliyofika mbali zaidi ilikuwa ya Mohamedou Ould Slahi wa Mauritania. Aliandika maisha yake kwa mkono akiwa ndani, kwa Kiingereza alichojifunza sehemu kubwa kutoka kwa walinzi na wapelelezi wake. Maandishi yalitangazwa kuwa siri. Mawakili wake walihangaika kwa miaka mpaka kitabu kilipotoka Januari 2015, kikiwa na mistari mingi iliyofutwa kwa wino mweusi na wakaguzi wa serikali. Mateso aliyoyaeleza, yakiwemo kunyimwa usingizi na kupigwa, yalikuwa na nyaraka rasmi za kuyathibitisha; Luteni Kanali Stuart Couch, mwendesha mashtaka aliyepangiwa kesi yake, alikuwa amekwisha kukataa kuiendesha kwa sababu hiyo. Slahi alirudi kwao Oktoba 2016 bila kushtakiwa.

Maandamano na lugha ya kampeni

Picha za siku ya kwanza, zinazoonyesha watu waliopigishwa magoti katika kambi ya X-Ray wakiwa wamevaa nguo za rangi ya chungwa na kufunikwa macho na masikio, zilitolewa na Wizara ya Ulinzi yenyewe. Wanaharakati walizigeuza. Desemba 2005 Wamarekani wapatao 25, wengi wao Wakatoliki wa harakati ya Catholic Worker, walisafiri Kuba na kutembea kwa miguu kuelekea kituo hicho wakiomba kuwaona wafungwa, kwa kuwa kumtembelea aliye kifungoni ni agizo la Injili. Hawakuruhusiwa kuingia, wakapiga kambi karibu na uzio na kufunga. Waliporudi walianzisha kikundi cha Witness Against Torture. Tangu hapo kila tarehe 11 Januari watu hukusanyika Washington wakiwa na nguo za chungwa na vitambaa vyeusi kichwani, na wengi wamekamatwa katika shughuli hizo.

Si kila kauli iliisaidia kampeni. Mei 2005 Irene Khan, Katibu Mkuu wa Amnesty International, alilifananisha gereza hilo na kambi za kazi ngumu za Umoja wa Kisovyeti. Mamilioni walipita katika kambi za Stalin; Guantanamo haikuwahi kuzidi watu mia saba kwa wakati mmoja. Kwa wiki kadhaa Washington ilibishana juu ya mfano huo badala ya yaliyokuwa ndani ya ripoti. Uzito zaidi ulikuwa katika sauti zisizotarajiwa. Februari 2006 wataalamu watano wa Umoja wa Mataifa walitaka gereza lifungwe, na Katibu Mkuu Kofi Annan akaunga mkono kwamba lazima lifungwe mapema iwezekanavyo. Juni 2007 Jenerali Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje gereza lilipofunguliwa, alisema kama ingekuwa juu yake angelifunga siku hiyohiyo mchana. Michael Lehnert, jenerali aliyeamuru kujengwa kwa vizimba vya kwanza mwaka 2002, naye aliandika baadaye kwamba halikupaswa kufunguliwa.

Migomo ya kula

Wafungwa wenyewe hawakukaa wakisubiri kutetewa. Silaha pekee waliyokuwa nayo ilikuwa kukataa chakula, na waliitumia tangu mwaka 2002. Jeshi lilijibu kwa kuwalisha kwa nguvu: mfungwa hufungwa kwa mikanda kwenye kiti, mpira ukapitishwa puani hadi tumboni, kisha uji wa virutubisho ukamiminwa. Vyama vya madaktari vililaani utaratibu huo kwa kuwa daktari haruhusiwi kumlisha kwa nguvu mtu mwenye akili timamu aliyekataa.

Mgomo mkubwa zaidi ulianza Februari 2013, wakati wafungwa 166 walikuwa wamebaki na zaidi ya nusu yao walikuwa wamekwisha kuidhinishwa kuondoka. Cheche ilikuwa malalamiko kwamba walinzi walipekua nakala za Kurani, lakini kuni zilikuwa kukata tamaa: ahadi ya Obama ilikuwa imepita miaka mitatu. Wizara ya Ulinzi ilikiri kwamba wafungwa zaidi ya 100 waligoma. Aprili gazeti la The New York Times lilichapisha maelezo ya mmoja wao, aliyoyasimulia kwa simu kupitia mkalimani wa mawakili wake. Julai mwanamuziki Yasiin Bey alijitolea kulishwa kwa utaratibu uleule mbele ya kamera, akashindwa kuvumilia hadi mwisho.

Mgomo huo ulifanya kazi ambayo hukumu za mahakama hazikuifanya. Mei 2013 Obama alirudi hadharani kwenye suala aliloliacha, akaondoa zuio lake mwenyewe la kuwarudisha Wayemeni na kuteua wajumbe wa kuzungumza na nchi za kuwapokea. Watu walianza tena kuondoka.

Wafungwa tisa wamefia Guantanamo. Jeshi lilisema watatu kati yao walijiua usiku mmoja wa Juni 2006, maelezo ambayo familia zao hazikuyakubali.

Amri ya Obama na jibu la Bunge

Katika uchaguzi wa 2008 wagombea wote wawili wakuu, Obama na John McCain, walisema gereza lifungwe. Obama alitia saini amri tarehe 22 Januari 2009, siku ya pili tu baada ya kuapishwa, akitoa muda wa mwaka mmoja. Wafungwa walikuwa wapatao 240.

Baadhi ya wanakampeni waliona kazi imekwisha. Lakini amri ilitoka kabla ya mpango. Serikali haikuwa imeamua nani atashtakiwa, wapi, na nani atapelekwa nchi gani, na pengo hilo wapinzani walilijaza kwa picha ya magaidi mtaani. Mei 2009 Seneti ilikataa kwa kura 90 dhidi ya 6 kutoa dola milioni 80 za kufunga gereza. Wengi waliokataa walikuwa wa chama cha rais.

Kesi iliyotazamwa kama mtihani ilikuwa ya Mtanzania. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alishtakiwa kushiriki katika milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua watu 224, wengi wao Wakenya. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa katika magereza ya siri ya CIA, na kuhamishiwa Guantanamo Septemba 2006. Juni 2009 alipelekwa New York, akawa mfungwa wa kwanza wa Guantanamo kufikishwa katika mahakama ya kiraia. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa mashtaka, mtu ambaye ingedaiwa kuwa aliuza baruti, kwa sababu serikali ilimjua kutokana na mahojiano ya mabavu waliyomfanyia Ghailani huko kwenye magereza ya siri. Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru katika mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani katika moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za serikali ya Marekani. Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Matokeo hayo yalisomwa kwa njia mbili. Wanakampeni walisema mahakama ya kawaida imefanya kazi yake: mtuhumiwa amepata kesi ya haki, ushahidi wa mateso umekataliwa, na bado hatatoka tena. Wapinzani walisema amenusurika kuachiwa huru kwa tundu la sindano. Tafsiri ya pili ndiyo iliyoshinda bungeni. Wiki chache baadaye Bunge lilipitisha sheria ya matumizi ya ulinzi inayokataza fedha yoyote kutumika kumhamishia mfungwa wa Guantanamo ndani ya Marekani, hata kwa ajili ya kesi, na katazo hilo limerudiwa kila mwaka. Mpango wa kuwashtaki watuhumiwa wakuu wa Septemba 11 mjini New York ulifutwa Aprili 2011. Kesi yao ilirudi Guantanamo na haijasikilizwa mpaka hukumu.

Kufunga jengo au kufuta utaratibu

Katika kipindi hicho ulijitokeza mvutano ndani ya kampeni yenyewe. Serikali ya Obama ilipanga kununua gereza tupu huko Thomson, jimbo la Illinois, na kuwahamishia humo wafungwa ambao haikuweza kuwashtaki wala haikutaka kuwaachia. Guantanamo ingefungwa. Lakini watu wangeendelea kushikiliwa bila kesi, safari hii kwenye ardhi ya Marekani na kwa baraka za rais aliyekuwa upande wao. Center for Constitutional Rights na muungano wa uhuru wa raia, ACLU, walipinga. Wengine waliona afadhali nusu shari: wafungwa wakishafika Illinois, mahakama zingekuwa na nguvu zaidi juu yao. Bunge liliua mpango kabla mvutano haujaisha, ila swali lenyewe halijafa. Kauli mbiu ya "funga Guantanamo" ni fupi na inaimbika, na kwa sababu hiyohiyo haisemi kama kinachopingwa ni mahali au ni kushikilia watu bila kesi.

Hoja za wanaopinga

Wanaotaka gereza liendelee husema vita dhidi ya al-Qaida havijaisha, na sheria za vita huruhusu kumshikilia adui mpaka viishe. Huongeza kwamba baadhi ya walioachiwa walirudi kwenye mapigano, jambo ambalo taarifa za serikali zinathibitisha kwa idadi fulani, hasa miongoni mwa walioachiwa wakati wa Bush. Familia za waliouawa Septemba 11 zimegawanyika. Baadhi zinapinga mapatano yoyote na watuhumiwa. Nyingine, kupitia kikundi cha September 11th Families for Peaceful Tomorrows, zimetaka gereza lifungwe kwa sababu limechelewesha kesi wanayoingoja kwa zaidi ya miaka ishirini.

Gharama ni hoja ya upande wa pili. Uchunguzi wa The New York Times wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba gereza na mahakama yake vilitumia zaidi ya dola milioni 540 katika mwaka mmoja kwa ajili ya watu 40, yaani takriban dola milioni 13 kwa kila mmoja.

Kutoka Obama hadi sasa

Obama aliondoka madarakani Januari 2017 akiwa ameacha wafungwa 41. Donald Trump alitoa amri Januari 2018 ya kuliweka gereza wazi, na katika muhula wake wa kwanza aliondoka mtu mmoja tu. Biden alirudia lengo la kulifunga bila kulipigia kelele. Februari 2023 Fionnuala Ní Aoláin akawa mtaalamu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya ugaidi na haki za binadamu kuruhusiwa kulitembelea. Ripoti yake ilisema hali iliyobaki ni ya kikatili na ya kudhalilisha.

Mwishoni mwa muda wa Biden wafungwa waliondolewa kwa haraka. Tarehe 17 Desemba 2024 alirejeshwa Kenya Mohammed Abdul Malik Bajabu, aliyekamatwa Mombasa mapema mwaka 2007 na kupelekwa Guantanamo mwezi uliofuata. Hakuwahi kushtakiwa. Bodi ya mapitio iliidhinisha kuondoka kwake Desemba 2021, kwa hiyo baada ya kuambiwa hana haja ya kuendelea kushikiliwa alikaa miaka mitatu mingine akisubiri taratibu za serikali mbili. Reprieve ndilo lililomtetea. Tarehe 6 Januari 2025 Wayemeni 11 walipelekwa Oman, nchi ambayo ilikwisha kupokea wenzao wengine kati ya mwaka 2015 na 2017.

Walibaki 15. Sita hawana mashtaka yoyote, na watatu kati yao wamekwisha kuidhinishwa kuondoka, saba wana kesi katika mahakama maalumu za kijeshi, wawili wamehukumiwa. Tarehe 29 Januari 2025 Trump, akiwa amerudi madarakani, aliagiza kituo cha wahamiaji kilichopo Guantanamo kipanuliwe hadi kiweze kupokea watu 30,000. Wiki iliyofuata ndege ya kwanza ilitua na wahamiaji, na baadhi yao wakawekwa ndani ya jengo la gereza lilelile, lililokuwa limeanza kubaki tupu. ACLU na Center for Constitutional Rights ni miongoni mwa mashirika yaliyokwenda mahakamani, na ombi lao la kwanza lilikuwa mawakili waruhusiwe kuonana na wateja wao.